Franchaizi ya jimu ya wanawake Dodoma: unanunua nini hasa, na hela inarudi kwa njia gani

Tuanze na hela maana ndo watu wanapoumia. Jimu ya wanawake peke yao hapa Dodoma ni biashara inayoeleweka kabisa, uhitaji upo, na wapo wadada wana milioni zao arobaini au hamsini, nyingine za mkopo wa mtumishi, nyingine za kiinua mgongo, nyingine mtu kauza kiwanja chake Nala, wanajiuliza wafungue ya kwao tu au wanunue jina la nje ambalo tayari lina mfumo wake kila kitu kimepangwa. Hilo la pili ndo franchaizi, na ndo limefungwa mambo mengi ndani ambayo mtu asipofafanuliwa mapema anakuja kuyaelewa akiwa ameshasaini na hela imeshavuka mpaka.

Franchaizi iko hivi. Biashara ni yako, kodi ya pango ni yako, mishahara ni yako, na hasara ikitokea ni yako. Ila jina la mlangoni, rangi ya ukuta, mashine zinavyopangwa, mwanachama mpya anavyopokelewa siku ya kwanza, programu ya kwenye kompyuta ya mapokezi, hivyo vyote ni vya mwenye jina na wewe umepewa ruhusa ya kuvitumia kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano au kumi. Ni kama kupanga nyumba, mkataba ukiisha unatoka na kitanda chako ila mlango sio wako. Malipo yanakuwa ya ada ya kuingia unayolipa mara moja, halafu mrabaha, yani malipo ya kutumia jina na mfumo wa mtu, kila mwezi, halafu mchango wa matangazo nao kila mwezi, na kuna la nne ambalo halipigiwi kelele, kwamba mashine, mikeka, fulana za wafanyakazi na hata mashine ikiharibika spea yake, vyote unatakiwa ununue kwa mwenye jina au kwa muuzaji aliyemchagua yeye, kwa bei atakayopanga yeye.

Na mtu anayekuja kukuuzia anaweza asiwe mwenye jina mwenyewe. Kuna mpango ambapo mtu mmoja, tuseme yuko Nairobi au Dar, amenunua haki ya nchi nzima na yeye ndo anakatakata na kuuza vipande vidogo. Hapo mrabaha wako unagawanywa kwa watu wawili, na yule wa katikati akifilisika au mkataba wake na mwenye jina ukivunjwa, wewe wa Ilazo unabaki umening'inia. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni nani anasaini upande wa pili, na kama ni wa katikati, mkataba wake unaisha lini na wako utaendelea vipi akishatoka.

Curves, maana huwezi kuongelea haya bila kuitaja

Kila anayetaka kuingia huku inabidi aijue hii habari. Mwaka 1992 Gary Heavin na mkewe Diane walifungua kituo cha mazoezi cha wanawake tu mji wa Harlingen, Texas, na mwaka 1995 wakaanza kuuza franchaizi. Wazo lilikuwa jepesi na zuri. Mashine zimepangwa duara, kati ya mashine na mashine kuna kibao unarukaruka juu yake, kila baada ya sekunde 30 sauti inakwambia badili, na ndani ya nusu saa umemaliza umetoka. Mashine zenyewe za haidroliki, yani zinatumia silinda yenye mafuta ndani, hazina vyuma vya kupakia, ukisukuma kwa kasi inakuwa ngumu na ukisukuma taratibu inakuwa laini, kwa hiyo mama wa miaka 65 na binti wa miaka 20 wanafuatana kwenye mashine ile ile bila mtu kurekebisha chochote. Vioo hamna, wanaume hamna. Mwanamke ambaye jimu za kawaida zilimtisha hapo alipata pa kwenda.

Ikakua kwa kasi ya ajabu, miaka kumi na kitu baadaye ilikuwa inakaribia vituo 10,000 duniani. Halafu ikaporomoka, hasa hukohuko Marekani, vituo vikafungwa kwa maelfu, na mwaka 2012 kampuni ikauzwa kwa wawekezaji wa North Castle Partners. Sababu haziko mbali ukizitazama. Kituo kilikuwa rahisi kufungua kuliko jimu kubwa kwa hiyo wakafungua watu wengi ambao hawakuwahi kuendesha biashara yoyote, vituo vikasongamana mpaka vikawa vinanyang'anyana wanachama wale wale, zikaja jimu za saa 24 na nyingine za dola 10 kwa mwezi, na lile duara likabaki vile vile siku zote, mwanamke akizunguka miezi sita analijua kwa kichwa na mwili umeshazoea. Uchumi wa 2008 ukamalizia.

Sasa angalia Japani. Curves iliingia kule 2005, jina lile lile, duara lile lile, nusu saa ile ile, na kule ikafika vituo kama 2,000, na mwaka 2018 Wajapani ndo wakainunua kampuni mama ya Marekani. Wanachama wao wengi ni wanawake wa miaka zaidi ya 50. Walichofanya sio cha kiufundi. Walichagua mwanamke mmoja wa kumhudumia, wakamjua kwa jina, wakampima maendeleo yake kila mara, na asipoonekana anapigiwa simu. Yani mashine sawa, jina sawa, tofauti iko kwenye wanachama kubaki au kuondoka. Mimi nikisoma mkataba wowote wa franchaizi ya jimu hicho ndo kitu cha kwanza natafuta: huyu anayeniuzia jina ana mfumo gani wa kumfanya mwanamke arudi kesho, maana mengine yote naweza kuyapata Kariakoo.

Kwa nini hapa kwetu kurudi kwa mwanachama ni kila kitu

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo vya hawa wenye majina haviliongelei kwa sababu kwao halipo. Marekani na Ulaya mwanachama anasaini mwaka mzima na hela inakatwa benki yenyewe kila mwezi. Akija asije, inakatwa. Jimu nyingi za kule zinaishi kwa watu wasiokuja, ndo maana zinaweza kuuza uanachama wa watu wengi kuliko mashine zilizopo na hakuna msongamano.

Dodoma mwanachama anakulipa kwa M-Pesa au Airtel Money au lipa namba, mwezi kwa mwezi, wengine wiki kwa wiki, wengine analipia siku hiyo tu akitoka kazini na begi lake. Kila tarehe ya kulipa ni uamuzi mpya kabisa. Mwanamke aliyekosa wiki mbili kwa sababu mtoto anaumwa au kuna msiba Kondoa hatakulipa mwezi unaofuata mpaka umshawishi upya. Asiyekuja halipi, biashara imeishia hapo. Kwa hiyo makadirio yote ya mapato atakayokuletea muuzaji, yale majedwali mazuri yenye rangi, uliza yametengenezwa kwa nchi ambayo hela inakatwa benki au kwa nchi ambayo mtu anatoa simu yake mkononi. Ukisikia anasema mapato yanapanda moja kwa moja mwezi wa kwanza mpaka wa 24 bila kushuka popote, huyo hajui Januari ya ada za shule ikoje.

Tupige hesabu, namba ni za mfano ila weka za kwako ufuate njia hii hii. Umepata sehemu Kisasa, mita za mraba kama 120, kodi milioni 1.2 kwa mwezi. Wakufunzi wawili, wa mapokezi mmoja na wa usafi, mishahara na NSSF milioni 1.8. Umeme, maji na intaneti laki tatu na nusu. Matengenezo, sabuni, matangazo madogo laki tatu. Mlinzi laki na nusu. Jumla milioni 3.8 kila mwezi, wawe wamekuja watu au hawajaja. Ada umeweka elfu 50. Mwenye jina anachukua mrabaha asilimia 6 na matangazo asilimia 2, kwa hiyo kwa kila mwanachama unabaki na elfu 46. Gawanya, unahitaji wanachama 83 ili usipate wala usipoteze.

Ila hujaanza kwa hela ya bure. Tuseme ulikopa milioni 40 kwa miaka mitatu, riba asilimia 16 kwa salio linalopungua, marejesho yanakuja kama milioni 1.4 kwa mwezi. Sasa unahitaji milioni 5.2, na wanachama wamekuwa 114. Na hapo wewe mwenyewe hujajilipa hata senti.

Haya, ongeza wanaoacha. Kama kila mwezi katika wanachama mia wanaondoka wanane, ili ubaki na hao 114 unatakiwa uingize wapya tisa kila mwezi, zaidi ya mia moja kwa mwaka, kwa ajili ya kusimama palepale tu. Ukifanikiwa kupunguza wanaoacha wakawa wanne katika mia, kazi inapungua nusu. Hakuna punguzo la kodi wala la bei ya mashine litakalokuletea unafuu wa namna hiyo, na ndo maana nasema simu ya dada wa mapokezi anayempigia mtu aliyekosa wiki nzima ni kifaa cha thamani kuliko mashine ya kukimbilia.

Mrabaha wa asilimia na mrabaha wa dola

Kuna wanaotoza asilimia ya mauzo na kuna wanaotoza kiasi kimoja kila mwezi, mara nyingi kwa dola. Kiasi kimoja kinavutia ukijiona mwaka wa tatu una wanachama 300, ila miezi ya mwanzo ukiwa na wanachama 30 kinakumaliza. Asilimia inapumua na wewe. Na ukikubali dola kumbuka shilingi inavyotembea, mwaka 2022 dola ilikuwa kwenye 2,300 hivi na mwaka 2024 ikapita 2,700, yani mrabaha ule ule bila mtu kubadilisha mkataba ulipanda kwa zaidi ya moja ya sita ya kiasi chake, na wanachama wako wanalipa shilingi ile ile. Omba mrabaha uhesabiwe kwa shilingi za mauzo ya mwezi husika ndo ubadilishwe kwenda dola siku ya kutuma. Wakikataa kabisa, hiyo ni taarifa tosha kuhusu jinsi watakavyokuwa kwenye mambo mengine.

Halafu kodi. Mrabaha unaotoka kwenda nje unakatwa kodi ya zuio asilimia 15, wewe ndo unaikata na kuipeleka TRA. Inaweza kushuka kama nchi ya mwenye jina ina mkataba wa kodi na Tanzania, Afrika Kusini na India wanao, Marekani hana. Sasa mikataba mingi ina kipengele kidogo kimejificha katikati kinasema mrabaha umfikie mwenye jina mzima bila makato yoyote. Maana yake ile kodi unabeba wewe. Kama unadaiwa laki nne na lazima zifike laki nne, itabidi uhesabu laki nne na elfu sabini na kidogo, hiyo ya juu ni ya TRA kutoka mfukoni mwako. Watu wengi wanasaini hiki bila kujua, na TRA wakija kukagua wanadai na riba na adhabu.

Kwa VAT, kiwango cha kusajiliwa sa hivi ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo jimu ya wanachama mia na kitu kwa elfu 50 haijafika. Ila ukifungua la pili na la tatu chini ya kampuni moja angalia mapema, maana hiyo VAT ukiwa hujaiweka kwenye ada inatoka kwenye faida. Kodi ya pango nayo unatakiwa ukate asilimia 10 uipeleke TRA, na mwenye nyumba wa Dodoma atakwambia anataka hela yake mkononi kamili, kwa hiyo akisema milioni 1.2 wewe jua ni milioni 1.33, mjadala huo ufanyike kabla hujalipa miezi sita. Na kanuni za 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo fremu ya dola usiikubali.

Sheria inakulinda kiasi gani

Kidogo kuliko unavyofikiri. Tanzania haina sheria maalumu ya franchaizi. Mkataba wako unasimama kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, na jina linalindwa na sheria ya alama za biashara na huduma ya 1986 kupitia BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara na leseni. Hakuna afisa wa serikali atakayelazimisha muuzaji akuoneshe vituo vingapi vilifungwa mwaka jana. Marekani wanalazimisha, kanuni yao inasema muuzaji ampe mnunuzi waraka wa maelezo wenye sehemu 23 angalau siku 14 kabla ya kusaini au kupokea hela, ndani kuna gharama za kuanzia, kesi alizonazo, na idadi ya vituo vilivyofunguliwa na kufungwa miaka mitatu mfululizo. Afrika Kusini sheria yao ya kulinda walaji ya 2008 inampa mnunuzi wa franchaizi hata siku 10 za kazi za kujitoa bila gharama baada ya kusaini. Wewe wa Makole hiyo ya Marekani haikuhusu moja kwa moja maana inalinda franchaizi zinazofunguliwa kulekule. Lakini waraka upo, na majimbo kadhaa kama Wisconsin, Minnesota na California yanaweka hadharani nyaraka za kampuni zilizosajiliwa kwao, mtu yeyote anasoma bure. Kama jina unalouziwa linauzwa na Marekani, tafuta waraka huo, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la vituo vilivyofungwa, halafu kwenye orodha ya waliotoka, maana majina yao na mawasiliano yanatakiwa yawemo. Waandikie. Aliyetoka hana sababu ya kukupamba maneno.

Pia angalia BRELA kama hiyo alama imesajiliwa hapa kwetu. Kusajiliwa Marekani au Kenya hakulindi jina Tanzania Bara, na Zanzibar wana usajili wao peke yao. Usajili wa kwanza ni miaka saba halafu unahuishwa kwa kumi kumi. Ukikuta hakuna usajili, maana yake unalipa mrabaha kwa jina ambalo jirani yako anaweza kulibandika mlangoni kesho na wewe huna la kumfanya la haraka.

Kwenye mkataba wenyewe mimi ningekaa sana kwenye eneo. Neno Dodoma liandikwe linaanzia wapi linaishia wapi, maana jiji ni kubwa, kutoka Nkuhungu mpaka Mtumba ni safari, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki saba na nusu ndani ya jiji. Usipewe eneo la mtaa mmoja halafu mwaka unaofuata mwingine afunguliwe Area D kilomita mbili kutoka kwako, ndo kilichowaua wale wa Curves. Kingine ni dhamana binafsi, hapa watu wanafungua kampuni ili nyumba yao isiguswe halafu wanasaini karatasi ya mwisho inayosema yeye mwenyewe atalipa kampuni ikishindwa, sasa kampuni ilikuwa ya nini? Na kipengele cha kutofanya biashara inayofanana baada ya kutoka, kama kinasema miaka miwili nchi nzima na wewe taaluma yako ni mazoezi, umejifunga riziki. Mgogoro unasikilizwa wapi nayo iangaliwe, usuluhishi wa London au Texas kwa mtu mwenye jimu moja maana yake hautashtaki kamwe. Lipa mwanasheria asome, ni gharama ndogo ukilinganisha na ada ya kuingia.

Mashine, vumbi na maji

Kitu kimoja kizuri cha zile mashine za haidroliki ni kwamba hazitumii umeme. TANESCO wakikata saa kumi na mbili jioni ukiwa na kina mama 15 ndani, mazoezi yanaendelea, unahitaji taa na spika yenye chaji tu. Mashine za kukimbilia zinasimama zote. Na vumbi letu la Julai mpaka Septemba na upepo wake linaingia kwenye mkanda na mota za mashine za kukimbilia, ukizinunua weka bajeti ya kusafisha kila wiki. Za haidroliki ugonjwa wake ni kuvuja mafuta kwenye silinda, na silinda mpya ikitakiwa kutoka nje kwa muuzaji aliyechaguliwa na mwenye jina unaweza kukaa na mashine mbovu miezi. Uliza spea ziko wapi Afrika Mashariki, na uandikiwe kwenye mkataba kwamba ikizidi wiki kadhaa unaruhusiwa kutengeneza kwa fundi wa hapa. Kwenye bei ya mashine usisahau ushuru wa forodha na VAT pale bandarini, halafu lori kutoka Dar kama kilomita 450.

Maji nayo. Wanawake wanaokuja saa kumi na moja alfajiri wanakwenda kazini kutoka hapo, wanahitaji kuoga. Mgao wa maji upo mitaa mingi, kwa hiyo tanki la lita 5,000 sio anasa. Jimu ambayo bafu lina ndoo tupu inapoteza watumishi wote wa serikali ndani ya mwezi, na hao ndo wenye mshahara wa uhakika.

Mwanamke wa Dodoma anataka nini akija

Hapa ndo naamini kabisa kwamba jimu ya wanawake tu ina nafasi, na sio kwa sababu ya mtindo. Kuna dada wa hijabu anayetaka kuvua baibui afanye mazoezi kwa amani, kuna mama aliyejifungua miezi minne iliyopita ambaye hataki kijana anayenyanyua vyuma amtazame tumbo, kuna mwenye presha aliyeambiwa na daktari wa hospitali ya General aanze mazoezi na hajui aanzie wapi, na kuna anayetaka tu nyama uzembe zipungue kabla ya sendofu ya mdogo wake. Wote ni halali. Lakini neno wanawake tu lazima liwe kweli. Madirisha yasionekane kutoka barabarani, fundi wa kiume aje saa ambazo pamefungwa, na simu zisipige picha ndani, kabisa, hata za matangazo ya jimu mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Ukitunza uzito wa watu, presha zao na picha za kabla na baada, unatunza taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, unatakiwa ujisajili kwenye Tume. Na programu ya mwenye jina kama inapeleka hizo taarifa kwenye kompyuta za nje, hilo nalo lina masharti yake, mwulize yeye kabla hujaulizwa wewe.

Nafasi ya kituo uifikirie kwa ratiba ya mtumishi. Kazi inaisha saa tisa na nusu kisheria ila akitoka Mtumba kwenye mji wa serikali na basi la wizara anafika mjini kumi na moja, ana watoto nyumbani, hatapita mjini kati halafu arudi Ilazo. Weka kituo njiani anakopita au mtaani anakoishi. Kisasa, Ilazo, Iyumbu na Njedengwa nyumba za watumishi zimejaa, wakati karibu na UDOM utapata wanafunzi ambao wanalipa kidogo na likizo wanaondoka wote. Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, mji unajaa na ada za wiki zinauzika sana, ila usipange kodi yako kwa watu watakaoondoka Julai. Mshahara unatoka tarehe ishirini na kitu, kwa hiyo ada yako iishe tarehe hizo hizo na sio tarehe 10 mtu akiwa hana kitu. Ramadhani badilisha saa, kipindi cha baada ya futari kinajaa kuliko cha alfajiri.

Na mkufunzi wa kike aliyesoma kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili, kwa hiyo nusu saa mara tatu kwa wiki ya duara ni mwanzo mzuri ila mwambie mwanachama ukweli kwamba kutembea nako kunatakiwa. Usiuze chai za kupunguza tumbo. Bidhaa za hivyo zina wasimamizi wake, TBS wa viwango na TMDA wa dawa, na mwanamke akiharisha wiki nzima anaondoka yeye na marafiki zake.

Kama franchaizi kamili ni nzito

Kuna njia za katikati. Jazzercise, iliyoanzishwa na Judi Sheppard Missett mwaka 1969, inauza franchaizi kwa mkufunzi mmoja mmoja, hahitaji mashine, anakodi ukumbi kwa saa, ada ya kuingia ni ndogo ila mrabaha umekuwa mkubwa kihistoria, hadi asilimia 20. Zumba yenyewe sio franchaizi, mkufunzi anasomea, anapata leseni na kulipa ada ya mwezi ya uanachama, jimu inabaki na jina lake. Kwa mtu wa Dodoma mwenye milioni 15 mkononi mimi ningemshauri aanze hivi: jina lake mwenyewe asajili BRELA, akodi ukumbi wa shule au wa kanisa saa za jioni, awe na mkufunzi mwenye leseni ya programu inayojulikana, ajenge wanachama 60 wanaolipa kila mwezi. Akishafika hapo ana kitu mkononi, na akienda kwa mwenye jina lolote anazungumza kama mtu mwenye soko, anaweza kuomba ada ya kuingia ipunguzwe na mrabaha uanze mwezi wa saba tangu afungue.

Na anayeamua kununua sasa hivi, kabla ya kutuma hela, adai vitu vitatu kwa maandishi: wanachama wangapi kati ya mia bado wanalipa baada ya miezi sita kwenye vituo vya Afrika, majina ya wamiliki waliofunga, na siku ngapi mwenye jina ataleta mtu wake Dodoma kukaa naye baada ya ufunguzi. Kuhusu hilo la tatu asikubali mafunzo ya wiki moja nje ya nchi peke yake. Shida za kweli zinaanza mwezi wa nne, wale wa ofa ya ufunguzi wakiwa wameanza kupungua, na hapo ndo mtu wa kampuni anatakiwa awe amekaa mapokezini na dada wako wakipiga simu za waliokosa.